Likizo ndefu, kahawa na kesi ya Mangi Meli

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana.

Leo ubaoni hapa chuoni Moshi limebandikwa tangazo. Wanatafutwa wanafunzi wa sheria wa kusaidia mawakili wanaotetea washitakiwa wasio na uwezo, likizo yote, bila malipo. Nikapiga hesabu. Likizo hakuna bumu. Kuna chumba, chakula, nauli... na mama yuko kihambani peke yake, kahawa inaiva. Mtoto wa mjini ataenda. Sisi wa huku juu je?

Nikajiuliza, hivi maskini wa Kilimanjaro alianza lini kuwa na mtetezi?

Tuanzie kwetu Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine 18, wakishutumiwa kula njama ya uasi. Aliyeshitaki, aliyehukumu na aliyenyonga, wote upande mmoja! Kesi ya namna hiyo haina rufaa.

Wakaja Waingereza. Kwenye mahakama za wenyeji mawakili hawakuruhusiwa, na baada ya uhuru marufuku hiyo ikabaki kwenye mahakama za mwanzo. Hapo ndipo babu mzaa mama aliposimama peke yake akafungwa miezi sita kwa ng'ombe ambaye baadaye alionekana kwa mtu mwingine. Hakukata rufaa. Hakujua kama ipo.

Afueni ilianza kidogo kidogo. Mwaka 1967 kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda kamati ya msaada wa kisheria. Mwaka 1969 ikatungwa sheria ya kumpa mshitakiwa asiye na uwezo wakili wa kulipwa na serikali, lakini walionufaika hasa ni wa kesi nzito kama mauaji. Hapa Moshi, KWIECO ilianza 1987 kuwasaidia akina mama. Mwaka 1990, katika kesi ya Khasim Manywele, Jaji Mwalusanya alisema mshitakiwa lazima aambiwe kwamba ana haki ya kupata msaada huo. Maana haki usiyoijua ni kama huna. Sheria mpya ya 2017 ikawatambua wasaidizi wa kisheria, na 2021 mawakili wakaruhusiwa mahakama ya mwanzo, pale tu hakimu mkazi anapoketi.

Kwa hiyo mlango umefunguliwa, jamani. Lakini nani ataingia? Kama kujifunza utetezi ni kwa mwenye pesa ya kukaa likizo nzima bila kulipwa, basi watu kama babu watatetewa na wasiojua hata kihamba kinafananaje, au wasitetewe kabisa.

Jioni nilimpigia mama. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kahawa tutachuma na binamu zako. Wewe nenda, mwanangu. Babu yako hakuwa na mtu."

Kesho naandika jina langu. Nauli tutajua mbele ya safari.