Njia za Kulungu: Mpangilio wa Jiji na Hatari ya Ugonjwa wa Lyme, Staten Island

Katika jiji la New York, mtu aliyepata ugonjwa wa Lyme bila kutoka nje ya mipaka ya jiji kwa kawaida ni mkazi wa Staten Island au wa kaskazini mwa Bronx. Manhattan ina Central Park yenye hekta 341, miti mikubwa, wanyama wadogo wa kila aina na mamilioni ya watu wanaoitembelea kila mwaka, lakini si huko kupe anayeeneza ugonjwa huo, kupe wa miguu myeusi (Ixodes scapularis), alikojenga ngome yake. Ukubwa wa bustani peke yake hauelezi tofauti hiyo, wala wingi wa miti. Makala hii inadai kwamba ndani ya jiji hatari ya magonjwa ya kupe huamuliwa kwanza na jinsi maeneo ya kijani yanavyopitika na wanyama wanaobeba kupe. Sera inayohesabu wanyama tu, au inayoshughulikia ua mmoja mmoja, hupita kando ya chanzo cha tatizo.

Ili hoja hii ieleweke, lazima tuanze na maisha ya kupe mwenyewe. Huishi takriban miaka miwili na hunyonya damu mara tatu: akiwa lava, akiwa nimfu, na akiwa mpevu. Lava huanguliwa akiwa hana bakteria wa Lyme, Borrelia burgdorferi. Huwapata kwa mnyama wa kwanza anayemnyonya, hasa panya wa miguu myeupe, na kwa kiasi fulani virukanjia, kindi wa ardhini na baadhi ya ndege. Mwaka unaofuata, hasa kati ya Mei na Julai, nimfu mwenye ukubwa usiozidi punje ya ufuta hutafuta damu tena. Huyo ndiye anayeambukiza watu wengi, kwa sababu haonekani kirahisi na huweza kukaa mwilini zaidi ya saa 24, muda ambao kwa kawaida bakteria huhitaji kabla ya kuhamia kwa mtu. Jike mpevu anahitaji mnyama mkubwa, na mara nyingi mnyama huyo ni kulungu wa mkia mweupe, anayemshibisha, anayemsafirisha, kisha anayemdondosha mbali na alikompanda ili akatage mayai kwa maelfu. Hata hivyo damu ya kulungu haiwaambukizi kupe bakteria hao. Basi kazi ya kuambukiza na kazi ya kuzalisha na kusafirisha zimegawanywa kati ya wanyama wawili wanaoitumia ardhi kwa namna tofauti kabisa. Panya hutosheka na kichaka kidogo nyuma ya nyumba; kulungu lazima apite.

Staten Island inaonyesha matokeo ya mgawanyo huo waziwazi. Kwa muda mrefu kisiwa hicho hakikuwa na kulungu. Walirejea kutoka New Jersey, wakivuka kwa kuogelea mlangobahari mwembamba wa Arthur Kill, na hesabu iliyofanywa kutoka angani mwaka 2014 iliwaona 763. Walikuta ardhi inayowafaa: Greenbelt, mfululizo wa misitu na mabwawa wa zaidi ya hekta 1,000, jalala kuu la Fresh Kills, lililofungwa mwaka 2001 na sasa linageuzwa hatua kwa hatua kuwa bustani, na katikati yake mitaa ya nyumba zenye nyasi, ua na vichaka. Mwaka 2019 watafiti Meredith VanAcker, Maria Diuk-Wasser na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha bustani za sehemu mbalimbali za New York. Bustani zilizounganika vizuri na nyingine, na zilizozungukwa na mimea badala ya lami, ndizo zilizokuwa na nimfu wengi zaidi. Msitu mdogo ulio kwenye njia ya kulungu unaweza kuwa hatari kuliko bustani kubwa iliyozingirwa na barabara za magari.

Hapa linazuka pingamizi lenye uzito. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Richard Ostfeld, Felicia Keesing na wenzao wametetea wazo kwamba bioanuwai huzimua maambukizi: msitu wenye wanyama wa aina nyingi huwapa lava wenyeji wengi, yaani wanyama wa kunyonya, wasioambukiza vizuri, ilhali kipande kidogo cha msitu hubaki na panya tele. Katika kaunti ya Dutchess, jimbo la New York, walikuta mwaka 2003 kwamba vipande vya chini ya hekta 2 vilikuwa na nimfu wengi zaidi wenye maambukizi. Ikiwa kukatwakatwa kwa msitu huongeza hatari, inakuwaje jijini bustani iliyotengwa iwe salama zaidi? Nadhani matokeo hayo mawili hayagongani. Dutchess ni nchi ya vitongoji na mashamba, ambako kulungu hupita kutoka kipande kimoja hadi kingine bila shida. Kinachobadilika ni idadi ya panya. Katikati ya jiji kulungu ndiye anayekosekana, na bila yeye kupe hawezi kujaza upya kizazi chake hata kama panya wamejaa. Uhusiano uleule kati ya msitu na hatari hugeuka kinyume pale ardhi ya kati inapoacha kupitika. Hata nje ya jiji mambo hayanyooki: utafiti wa Connecticut uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kupe wenye maambukizi wameongezeka palipokatwakatwa msitu, lakini watu waliougua walikuwa wachache zaidi.

Wengine watasema: kama kulungu ndiye kiungo, basi aondolewe. Mfano wao ni kisiwa cha Monhegan, Maine, ambako kulungu wote waliuawa kati ya 1996 na 1999 na kupe wakapungua mno katika miaka iliyofuata. Ushahidi huo ni thabiti, nami siupuuzi. Lakini Monhegan iko maili kadhaa baharini na ina wakazi wachache, ilhali Arthur Kill huvukwa kwa kuogelea na upande wa pili New Jersey ina kulungu tele. Jiji lilianza mwaka 2016 kuwafunga uzazi madume wa Staten Island, njia ya utu inayofaa mahali penye watu wengi. Hata hivyo huzaa matunda polepole, na haibadilishi njia ambazo kulungu waliobaki wanapitia.

Ushahidi unaopaswa kutusumbua zaidi ni ule wa dawa za kuua kupe. Jaribio katika maelfu ya kaya za kaskazini-mashariki mwa Marekani, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba kunyunyizia ua mara moja kulipunguza kupe kwa asilimia 63, lakini watu hawakupungukiwa na kupe mwilini wala na ugonjwa. Mradi mwingine wa Dutchess uliotoa matokeo mwaka 2022 ulifikia hitimisho la namna hiyo kwa binadamu. Wapo wanaosoma matokeo haya kama uthibitisho kwamba mazingira hayana uzito mkubwa na kwamba kila kitu ni tabia ya mtu: avae suruali ndefu, ajikague jioni. Kujikagua ni lazima, na hakuna sera inayoweza kuchukua nafasi yake. Lakini mimi nayasoma matokeo ya jaribio la 2016 tofauti. Ua mmoja ni sehemu ndogo ya eneo ambalo familia hutembea na kulungu hupita. Ukisafisha nukta moja na kuacha mtandao mzima, mtoto atampata kupe kwa jirani, au kwenye njia ya bustani mtaa wa pili. Kipimo cha kazi kilikuwa kidogo mno kwa tatizo lenyewe.

Hoja hii haihamishwi kokote bila kupimwa. Papasi anayeeneza homa ya papasi katikati ya Tanzania huishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hunyonya usiku, na hahitaji mnyama wa kumvusha barabara. Huko mandhari yenye maana ni chumba cha kulala, na sakafu iliyosakafiwa hufanya kazi kuliko ramani yoyote ya bustani. Swali linalosafiri ni lile la kuuliza ni mwenyeji gani anayembeba kupe, na njia yake inakutana wapi na njia ya mtu.

Kwa Staten Island swali hilo linagusa jambo gumu kwa wahifadhi, kwa kuwa ushoroba unaomwokoa ndege na chura ndio unaompitisha kulungu. Sioni sababu ya kuzifunga shoroba hizo. Ninachodai ni kwamba kila mpango wa kuunganisha bustani, ikiwemo Fresh Kills inapoendelea kufunguliwa, upimwe kwanza kwa idadi ya nimfu na mienendo ya kulungu, kisha kingo zake zishughulikiwe kwa mtaa mzima: nyasi ndefu zifyekwe kandokando ya njia za watu, ukanda wa changarawe au vipande vya mbao wenye upana wa karibu mita moja utenganishe vichaka na viwanja vya watoto, uzio uwekwe pale kulungu wanapoingia makazini, na onyo litolewe mwezi Mei kwa wakazi wa mitaa inayopakana na njia hizo, kabla nimfu hawajafikia kilele.