Kutoka Tangier Mpaka Makka: Miezi Kumi na Sita na Saa Sita



Baina ya mji wa Tangier, ulioko ncha ya kaskazini ya Moroko, na Jeddah, bandari ya kuingilia Makka, pana masafa ya kilomita 4,600 hivi kwa njia ya angani. Ndege ya abiria iendayo kilomita 850 kwa saa, ikiruka moja kwa moja, huyamaliza kwa muda usiotimia saa sita. Abiria husali Alfajiri kwao, na Alasiri ikamkuta Jeddah.

Sasa mtazame Ibn Battuta, yule yule ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akawasifu watu wake kwa dini na wema. Alitoka kwao Tangier tarehe 2 Rajabu 725 Hijria, yaani Juni 1325, kwenda Hija. Alikuwa kijana wa miaka 22 kwa hesabu ya Hijria, na wazazi wake wote wawili wahai. Alifika Makka baada ya miezi 16 hivi.

Njiani alishikwa na homa, akawa anajifunga kwa kilemba juu ya mnyama asije akaanguka. Msafara ulipofika Tunis, wenziwe walipokewa na jamaa zao. Yeye hakusalimiwa na mtu, akalia. Hujaji mmoja akamwona, akamwendea kwa salamu na maneno ya kumliwaza, wakaingia mjini pamoja. Alipofika Aydhab, pwani ya Bahari ya Shamu, alikuta vita na majahazi ya kuvukia yamezamishwa. Akarudi Misri, akashika njia ya Damascus, na huko akafuatana na msafara wa mahujaji mpaka Madina na Makka.

Zingatia, ndugu yangu: masafa hayakupungua hata shubiri. Kilichopungua ni muda. Zamani safari ilimlazimisha mtu kumjua mwenziwe. Leo twakaa bega kwa bega saa sita, tukashuka bila ya kuulizana hali.

Tena liko jambo zito zaidi. Mwaka 1348, huko Damascus, Ibn Battuta aliambiwa kuwa baba yake amekufa tangu miaka 15. Mwaka uliofuata, akiwa karibu kufika kwao, akapata khabari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Zama hizo khabari ilikwenda kwa mwendo wa ngamia na jahazi.

Je, sisi tuna udhuru gani? Watoto wetu wako Muscat, Dubai na London, mwendo wa saa chache, na mzee yuko barazani akihesabu miaka. Si kila mtu ana nauli, lakini salamu kwa simu haihitaji pasi wala tikiti.

Basi tujiulize, saa hizi tulizopunguziwa njiani twampa nani? Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuunga udugu wangali hai wa kuungwa nao. Amin.