Kikombe cha Buluu (3)

ILIPOISHIA: Baba amekwenda zamu ya usiku. Mwanaidi na mdogo wake Sudi wameshatupa mikate miwili, na mchele uliobaki watosha mmoja tu. ENDELEA...

"Dada, umeumuka!"

Nikafunua kanga. Kweli, rojo lilikuwa limepanda mpaka ukingoni mwa bakuli, mapovu yakipasuka mojamoja. Lakini East Ham si Mkunazini. Kwa baridi ile hamira ilitukalisha saa mbili nzima, bakuli tumelifunika kanga ya Mama kama mtoto mwenye homa.

Mkate wa kumimina una inda. Mchele ulale majini usiku kucha, usagwe na tui na hiliki mpaka ukiufikicha vidoleni usisikie chenga. Hayo tuliyaweza, tui la kopo tulilipata Green Street. Kilichotushinda ni daftari la Mama. Kila kipimo ameandika "kikombe changu". Ndicho kile cha buluu, chenye pengo ukingoni, ambacho Bibi alituapia kilivunjika siku ya arubaini yake.

Nikamimina kwenye sufuria lenye mafuta ya moto, nikapunguza moto. Matobo yakaanza kufunguka, moja, matatu, hadi uso mzima. Hapo Mama angepanga makaa juu ya mfuniko. Sisi tulikuwa na moto wa juu wa oveni. Sudi akapaka ute wa yai kwa kidole, ulimi nje.

"Mama angesema bado kidogo," akanong'ona.

Tangu tufike Uingereza alikuwa hajamtaja. Sikujua la kumjibu, nikamwambia apenge kamasi.

Mara king'ora cha moshi kikalia. Sudi akarukia kiti, akawa anapunga kanga. Katikati ya makelele nikasikia ufunguo mlangoni. Ilikuwa saa tano, na Baba hurudi alfajiri.

"Shikamoo Baba, tulikuwa tu..."

Hakuitikia. Nyuma yake alisimama mwanamke wa baibui, sanduku lake lingali na karatasi ya uwanja wa ndege. Akanusa, akapita moja kwa moja jikoni, akazima oveni.

"Tui mmezidisha," alisema. "Mmepimia nini?"

Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichoviringwa kitambaa, akakiweka mezani. Buluu. Pengo ukingoni.

"Bibi alisema kilivunjika," Sudi akasema.

Mwanamke akamgeukia Baba, uso umembadilika.

"Kumbe hujawaambia?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO