Mnara wa Olduvai: Mafuvu Mawili Yanayosimulia Chimbuko la Binadamu

Katika njia panda ambapo barabara ya Bonde la Olduvai inachepuka kutoka barabara ya Ngorongoro kwenda Serengeti, mkoani Arusha, yapo mafuvu mawili ya zege juu ya jukwaa moja, makubwa mara kadhaa kuliko mafuvu halisi. Mnara huo wa kumbukumbu ulisimamishwa Julai 2019, miaka 60 baada ya Mary Leakey kugundua bondeni humo, tarehe 17 Julai, 1959, fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus. Jina hilo limetokana na Zinji, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani ya Afrika Mashariki.

Mnara ulisanifiwa na wanasayansi wa chimbuko la binadamu, Nicholas Toth, Kathy Schick na Jackson Njau, na umbo la kila fuvu lina maana yake. Zinjanthropus, ambaye sasa wataalamu humwita Paranthropus boisei, ana uso mpana na ukingo wa mfupa utosini ulioshikilia misuli mikubwa ya kutafunia. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa takriban sentimita za ujazo 500. Fuvu la pili ni la Homo habilis, yaani "mtu stadi", aliyetambulishwa mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier. Magego yake ni madogo zaidi, na ubongo wake ulizidi sentimita za ujazo 600.

Mafuvu hayo yamewekwa pamoja kwa sababu zamadamu hao waliishi Olduvai katika zama zilezile, takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Awali Louis Leakey aliamini kuwa zana za mawe zilizopatikana hapo zilitengenezwa na Zinjanthropus. Mabaki ya Homo habilis yalipopatikana, alibadili rai na kumhesabu huyo kuwa ndiye fundi. Ukoo wa Zinjanthropus ulitoweka. Homo habilis amewekwa katika jenasi moja na binadamu wa leo.

Fuvu halisi la Zinjanthropus limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kwa kuwa kisukuku cha aina hiyo hakivumilii jua, mvua wala kuguswaguswa. Sanamu za zege huvumilia yote hayo, na kumwezesha kila msafiri kulinganisha taya, meno na paji la uso kabla ya kuteremka bondeni kwenye makumbusho ya Olduvai.