Maneno ya Mchoro wa Ufundi: Kutoka Vyombo vya Pwani hata Milima ya Manyovu

Manyovu ni mji mdogo ulio juu ya milima ya Uha, karibu na mpaka wa Burundi, katika nchi ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ya wilaya ya Kasulu na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Buhigwe. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa fedha za kujenga barabara ya lami itokayo Kabingo na kupita Kasulu hata Manyovu, mwendo wa kilomita 260. Kazi ya namna hiyo haianzi kwa sururu bali kwa karatasi. Kila kalvati, kila mtaro na kila tuta huchorwa kwanza, kisha hupimwa, kisha huchimbwa. Karatasi hizo huandikwa kwa Kiingereza. Amri ya kazi hutolewa kwa Kiswahili. Na kibarua mwenyeji arudipo nyumbani jioni husema Kiha. Basi baina ya karatasi na sururu yapo maneno machache ya Kiswahili yanayobeba mzigo wote. Neno moja likieleweka vibaya, zege humwagwa mahali pasipo pake, na zege likisha kukauka halina msamaha.

Maneno hayo hayakuzaliwa ofisini. La kwanza ni kuchora. Katika Kiswahili cha zamani kuchora kulikuwa ni kutia alama kwa kitu chenye ncha: kukata nakshi katika ubao wa mlango, kukwaruza ukuta, kupiga chale katika kibuyu. Fundi wa milango ya Lamu na Unguja alichora kwa patasi. Kalamu ilikuwa ya kuandika, na kuandika na kuchora zilikuwa kazi mbili mbalimbali zenye mafundi mbalimbali. Shule zilipoingia pamoja na penseli na ubao mweusi, ndipo kuchora kulipohama kutoka mti kwenda karatasi, na mchoro ukawa kitu cha kukunjwa na kutiwa mfukoni. Hata hivyo maana ya kale haikufa. Seremala anapochora mstari juu ya ubao kwa msumari kabla ya kupitisha msumeno, afanya jambo lile lile walilofanya babu zake.

Neno ramani lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni Kiajemi, rahnama, yaani kionyesha njia, na Waarabu wa Bahari ya Hindi waliligeuza kuwa rahmani, kitabu cha nahodha kilichotaja bandari, nyota, vina vya maji na pepo. Waswahili walilipokea kama neno la baharini. Baadaye lilipanda nchi kavu likawa jina la sura ya nchi iliyochorwa, kisha likawa pia jina la mchoro wa nyumba. Hata leo mtu akisema ana ramani, msikilizaji hana budi kuuliza: ya kiwanja, ya nyumba au ya mkoa? Upana huu una faida katika mazungumzo, lakini katika karakana una hasara. Lililo jema ni kuiachia ramani ardhi na majengo, na chombo au sehemu ya mashine kuiita mchoro. Na wengi wa mafundi wamekwisha kufanya hivyo pasipo kuambiwa na mtu.

Zana nazo zina nasaba zao. Bikari, chombo cha miguu miwili cha kupigia duara, latokana na Kiajemi pargar kwa njia ya Kiarabu. Dira, chombo cha nahodha cha kujulia kaskazini, ni ndugu wa duara kwa asili ya Kiarabu. Waingereza huviita vyombo hivi viwili kwa jina moja, na kwa sababu hiyo mwanafunzi afasiriye kutoka Kiingereza huweza kumpa mchoraji dira na kumwacha nahodha na bikari. Hapa Kiswahili ni sahihi kuliko lugha inayotafsiriwa, wala hakina haja ya kuomba radhi.

Gunia ni kisa kingine. Wengi wajua gunia la mahindi, lakini waashi na maseremala wa pwani walikuwa na gunia jingine, yaani kipande cha pembe mraba cha kujaribia kama kona ni sawa. Neno hili limetoka kwa mafundi wa Kihindi. Siku hizi karibu limesahauliwa, na mahali pake wengi husema skwea. Ni hasara ndogo, labda, lakini si hasara ya bure, maana fundi wa pwani alikuwa na jina la chombo hicho kabla ya kukisikia cha Kiingereza. Timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima wa ukuta, lina bahati njema zaidi. Lingali hai, pamoja na pima maji.

Na mstari? Kwa Kiarabu mistara ni chombo cha kupigia mistari, ambacho waandishi wa vitabu walikitumia ili maandishi yao yasipande na kushuka. Waswahili walipolisikia neno walilidhania kuwa la wingi, mistari, wakalitolea umoja wake, mstari. Hivyo chombo kiligeuka kuwa alama, na chombo chenyewe kikabaki bila jina hata ilipokuja rula.

Kabla ya futi na inchi, kipimo kilikuwa mwili. Wanda ni upana wa kidole. Shubiri ni kutoka ncha ya gumba hata ncha ya kidole kidogo. Shubiri mbili ni dhiraa, yaani mkono. Dhiraa nne ni pima moja, mikono yote ikinyoshwa. Vipimo hivi vyatosha kwa nyumba ya udongo na kwa jahazi, kwa kuwa fundi aliyepima ndiye aliyekata. Matata huja pale mpimaji na mkataji wanapokuwa watu wawili wasioonana. Hapo ndipo mchoro wenye kipimo unapohitajiwa, na ndiyo maana haukuota kwa mhunzi wa Uha. Wahunzi wa falme za Waha, kama Heru na Muhambwe, walijua kuyeyusha chuma na kufua majembe. Kiolezo cha jembe jipya kilikuwa jembe la zamani, likishikwa mkononi na kutazamwa. Kiolezo ni neno zuri mno, nalo limetoka katika kitendo cha kufananisha kitu na kingine. Kuchora juu ya karatasi ni kutengeneza kiolezo cha kitu ambacho bado hakijakuwapo.

Katika mkoa wa Kigoma jambo hili lilionekana waziwazi wakati wa utawala wa Wadachi. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikapelekwa ziwani. Mafundi Wajerumani watatu, akiwamo Anton Rüter, waliiunga upya Kigoma wakisaidiwa na Wahindi na Waafrika, nayo ikashushwa majini Februari 1915. Meli iliyovunjwa haiwezi kuungwa kwa kumbukumbu ya mtu. Kila bamba lataka alama, na kila alama lazima ipatane na mchoro. Maandishi ya mchoro yalikuwa ya Kijerumani, lakini lugha ya serikali na ya kazi kwa wenyeji ilikuwa Kiswahili. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Waha wengi wa zama hizo na baadaye walikwenda mbali kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliporudi walileta mablanketi, fedha na maneno. Njia hii ya maneno haikuandikwa katika kamusi yoyote, lakini ilifanya kazi kubwa kuliko kamati.

Kamati nayo haikukaa bure. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha tahajia na kukagua vitabu vya shule, na kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson iliyahifadhi maneno mengi ya ufundi wa pwani. Mwaka 1964 kazi yake ilipokewa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mjini Dar es Salaam, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Lakini uchoraji wa ufundi haufundishwi shule ya msingi. Hufundishwa sekondari na vyuoni, na huko Kiingereza kilibaki. Matokeo yake ni kwamba mhandisi na mwashi hukutana kazini, kila mmoja akiwa na nusu ya lugha ya mchoro. Mhandisi ajua jina la kila mstari kwa Kiingereza. Mwashi ajua matumizi ya kila mstari, wala hana jina lake.

Mambo yenyewe si magumu. Gaspard Monge, Mfaransa, ndiye aliyeweka kanuni ya kukionyesha kitu kimoja kwa sura zake mbalimbali zilizopangwa kwa utaratibu. Kanuni hiyo kwanza ilifichwa kama siri ya jeshi, kisha ikafundishwa hadharani Paris mwaka 1795. Kitu hutazamwa kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni, na kila mtazamo huchorwa peke yake. Kwa Kiswahili wengine husema mwonekano wa mbele, wengine sura ya mbele. Sura ni fupi, na fundi hulielewa mara moja. Mwonekano lina heshima ya kitabuni. Kitu kikichorwa kana kwamba kimepasuliwa ili ndani yake paonekane, huo ni mkato, na hapana neno lililo bora zaidi. Mstari mzito waonyesha ukingo uonekanao, mstari wa vipande waonyesha ukingo uliofichika, na mstari wa kati hupita katika kitovu cha duara. Mchoro wa haraka usiotumia rula waweza kuitwa mchoro wa mkono. Neno rasimu lingefaa hapo kwa asili yake, kwa kuwa rasm ya Waarabu ni mchoro hasa, ila Waswahili wamekwisha kulipa kazi ya maandishi yasiyokamilika, na si vema kumnyang'anya mtu kazi yake.

Lililo gumu ni skeli. Mchoro wa 1 kwa 100 maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Fundi apimaye karatasi kwa rula bila kusoma hesabu hii, au bila kujua kuwa karatasi imepunguzwa katika mashine ya kunakili, atajenga kosa kwa uaminifu kabisa. Tena vipimo vimechanganyika: nondo huitwa kwa milimita, na mbao zingali zikiuzwa mbili kwa nne, yaani kwa inchi. Katika mchoro mmoja wa paa fundi hulazimika kuhama kutoka hesabu hii hadi ile mara nyingi kwa siku.

Huko Manyovu kuna jambo moja zaidi. Mpango ule ule wa mwaka 2018 ulihusu pia kipande cha kilomita 45 cha barabara ya Rumonge hata Gitaza, ng'ambo ya mpaka, ambako wahandisi hufundishwa kwa Kifaransa. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, lakini maneno ya mchoro hayamo katika asili ya mojawapo. Kiswahili chasemwa Rumonge, chasemwa katika mtaa wa Buyenzi wa Bujumbura, na chasemwa sokoni Manyovu. Mwashi wa upande huu akimwambia mwenzake wa upande ule alete timazi, mkalimani hatahitajiwa.