Siri, Moto na Orodha: Majalada ya Serikali ya Kikoloni nchini Uganda

Mnamo Julai 2023 maseneta wawili wa Marekani, Chuck Schumer na Mike Rounds, kila mmoja wa chama chake, walipeleka mbele ya Seneti pendekezo la sheria lililowashangaza wengi. Shabaha yake ilikuwa kutoa hadharani nyaraka za serikali zihusuzo vyombo visivyotambulika angani, vile ambavyo magazeti ya zamani yaliviita sahani zirukazo. Pendekezo hilo lilifuata mfano wa sheria ya 1992 iliyohusu mauaji ya Rais Kennedy: jalada lihesabiwe kuwa ni la umma, na likishatimiza miaka 25 lifunguliwe, isipokuwa Rais mwenyewe akatae. Baraza la wajumbe 9 lingesimamia kazi hiyo. Kufikia Desemba mwaka huohuo, baraza lilikwisha kunyofolewa kutoka katika sheria iliyopitishwa. Hifadhi ya taifa iliamriwa kuunda mkusanyiko wa nyaraka hizo, lakini idara zenye siri zikaachiwa nafasi kubwa ya kuamua zitoe nini na zifiche nini.

Mwalimu wa Namakwekwe, pale Mbale, ana haki ya kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu sana, kwa kuwa swali la Wamarekani kuhusu mbingu ndilo swali letu kuhusu ardhi: nani anayeshika orodha ya siri? Sisi wapenzi wa lugha tunajua kuwa neno "serikali" asili yake ni Kiajemi, nalo halina uhusiano wowote na "siri". Hata hivyo wenye mzaha hulikata vipande viwili, "siri" na "kali", na wasikilizaji hucheka kwa kuwa wameonja ukweli wake.

Tutazame Uingereza. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliweka dawati la kupokea taarifa za vyombo vya angani hadi lilipofungwa mwaka 2009, na kati ya 2008 na 2013 majalada yake yalifunguliwa kwa awamu katika hifadhi ya Kew, London. Wananchi waliyasoma na magazeti yakashangilia uwazi. Lakini wakati majalada ya sahani zirukazo yanaanza kufunguliwa, serikali hiyohiyo ilikuwa imefungia maelfu ya majalada ya makoloni katika jumba lenye ulinzi la Hanslope Park, huko Buckinghamshire. Ya Uganda yalikuwamo.

Yalifikaje huko? Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi na watoa habari wake, wala zile ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia isivyofaa. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi ambamo kazi hiyo iliitwa "Legacy", yaani urithi. Jina hilo lina kejeli, kwa maana warithi ndio walionyimwa. Katika Kenya majalada yalitengwa mafungu mawili: yale ya kurithishwa, na yale yaliyopigwa mhuri wa herufi W, ambayo yaliruhusiwa kuguswa na mtumishi raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Mengine yalisafirishwa, mengine yakachomwa. Maagizo yalitaka hata majivu yapondwe. Palipokuwa na bahari, iliruhusiwa kuyatosa katika kilindi kisicho na mkondo, ndani ya masanduku yenye uzito. Sisi tusio na bahari tulibaki na moto.

Kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa na sheria ya 1958, iliyorekebishwa 1967, ya kufungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30. Haikusaidia kitu. Majalada ya Hanslope Park hayakuwamo katika orodha ya umma, na msomaji hawezi kuomba asichojua kuwa kipo. Kilichoyafichua ni kesi: wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walifungua madai London mwaka 2009, na mwanahistoria David Anderson akaieleza mahakama kwamba nyaraka fulani ziliondolewa Nairobi kabla ya uhuru. Mwaka 2011 serikali ilikiri. Palikuwa na majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37. Yalihamishiwa Kew kuanzia 2012, na mwaka 2013 Wakenya zaidi ya 5,000 walikubaliwa fidia ya pauni milioni 19.9.

Sasa turudi mashariki ya Uganda. Mnamo Januari 1960 wananchi wa Bukedi, wilaya ambayo makao yake yalikuwa Mbale, walipinga kodi na machifu wao, na ghasia zikaenea. Tume iliundwa, ikasikiliza mashahidi, ikachapisha ripoti. Walimu wengi huitegemea ripoti hiyo, nami siwalaumu. Lakini ripoti ni kauli ambayo serikali imekubali isomwe. Jalada ni mazungumzo ambayo wakubwa hawakutarajia sisi tuyasikie. Mwaka mmoja na ushei baada ya ghasia, agizo la Macleod likatoka. Basi anayeandika habari za 1960 kwa kufuata karatasi zilizobaki nchini hana budi kukumbuka kwamba anasoma kilichosalia baada ya mchujo, na awasikilize wazee kwa makini zaidi.

Sheria zetu wenyewe si haba. Katiba ya 1995, ibara ya 41, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 humtaka afisa ajibu ombi katika siku 21. Kando yake, Sheria ya Siri za Serikali ya 1964 ingali hai, na karani mwoga huikumbuka hiyo kwanza. Aidha, sheria ya Kampala haifiki Kew. Kwa mwanafunzi wa Namakwekwe, nauli ya kwenda London ni kufuli jingine.

Ndiyo maana naona kazi ya kuorodhesha ina thamani kuliko hotuba nyingi za uwazi. Majalada ya wilaya ya Jinja, yaliyokaa muda mrefu katika vumbi, yalipangwa na kuorodheshwa kwa ushirikiano wa wasomi wa Uganda na Chuo Kikuu cha Michigan. Mwalimu anayekwenda huko leo anaweza kutaja jalada analolitaka kwa jina lake.