Kafi si kasia
Wazazi wanaopeleka watoto kwenye maji ya kasi ya Naili, kule Jinja, husema watoto “wamepiga makasia”. Hapana. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, mpigaji akaipa safari mgongo. Linaloshikwa kwa mikono tu, uso ukitazama mawimbi, ni kafi. Hata mtoto huligeuza upesi jiwe linapotokea.

Ifakara wanalijua kafi, ila mimi naupenda zaidi upondo: mti mrefu wa mvuvi wa Kilombero, anaougotesha chini ya mto ili mtumbwi usonge. Neno tamu, na linasahaulika! Masika bonde likifurika, upondo haugusi chini; mvuvi huulaza mtumbwini, akachukua kafi.